Sindano ya Pili

Kambini, 4 Februari

Mdogo wangu,

Natumaini barua hii inawakuta wazima, wewe na binti yangu Chiriku. Mimi nipo. Jikoni midomo imeongezeka: wameletwa mafundi wengine wa kutoboa mwamba, na kila mmoja anakula kana kwamba kesho jiko linafungwa. Msaidizi wangu ameunguza maharage tena, anasema moto wa huku una roho mbaya. Simu bado hazishiki, kwa hiyo tuendelee kumtegemea dereva wa lori la unga, anayeweka barua zetu chini ya kiti chake pamoja na soksi. Ukisikia harufu, si yangu.

Chiriku anakula? Analala na neti? Usimruhusu akusaidie kufagia nywele dukani badala ya kusoma. Namjua, atakwambia amemaliza kazi zote za shule.

Sasa jambo lenyewe. Nilipokuja likizo ya Desemba, mwalimu wake wa darasa aliniambia kwamba mwezi wa tatu watakuja watu wa afya kuwachanja. Sindano ni mbili. Moja ya kuongeza kinga ya pepopunda na dondakoo, kwa sababu ile ya utotoni nguvu zake hupungua. Ya pili ni ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, kwa wasichana. Watataka mlezi akubali. Mlezi ni wewe. Kubali zote mbili.

Usilizungushe hili, mdogo wangu. Kubali tu.

Dada yako

*

Dukani, 22 Februari

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi, tena nyingi, kutoka kwangu na kwa mpwa wangu, na kwa jirani muuza mitumba, na kwa Mzee Redio, ambaye anasema hajasahau chakula chako. Sisi wazima kabisa. Duka linakwenda. Kioo kikubwa kimepata ufa tangu mteja mmoja alipoona nilivyomkata akaruka kwenye kiti. Nimesogeza kalenda ikauficha ufa. Mashine mpya inakata vizuri ila inalia kama nyuki aliyefungiwa koponi.

Chiriku anakula kuliko mimi. Kiswahili amepata alama nzuri, hesabu tusiziseme. Kuongea ndiyo usiseme kabisa. Juzi alimsimulia mteja kisa kizima cha mwalimu wao na mbwa wa mlinzi, hadi mteja akaomba nimnyoe ndevu pia ili asikie mwisho.

Mvua zimechelewa. Paa la nyuma nimeliziba.

Kuhusu zile sindano, nimekusikia. Ya pepopunda haina shida, mimi mtu wa nyembe, naijua. Ile nyingine tutaongea.

Mdogo wako

*

Kambini, 6 Machi

Mdogo wangu,

Mimi mzima, asante. Tutaongea wapi? Mimi niko juu ya mlima nyuma ya sufuria, wewe uko huko nyuma ya kalenda. Watu wa afya wanakuja mwezi huuhuu. Barua yako imejaa kioo, mashine, paa na mbwa wa mlinzi, halafu jambo nililokuomba umelipa mstari mmoja, tena mwishoni, kama mtu anayetoka chumbani kinyumenyume.

Nimekuomba neno moja. Ndiyo. Mwambie mwalimu ndiyo, kwa zote mbili.

Mpe Chiriku salamu. Mwambie hesabu tutazisema.

Dada yako

*

Dukani, 25 Machi

Dada,

Habari za huko? Sisi hatujambo. Barua yako imefika, soksi na yote.

Watu wa chanjo walikuja Alhamisi iliyopita. Chiriku amepata ile ya pepopunda. Bega lilimuuma siku mbili, sasa yuko salama na amerudi kucheza mpira wa pete. Ile nyingine, dada, haikuwezekana. Siku ile mvua ilinyesha sana, gari lao likachelewa, mambo yakavurugika. Nadhani watarudi wakati mwingine. Usijali.

Jirani amenipa shati zuri la mtumba kwa kumnyoa mwanawe. Limenikaa.

Mdogo wako

*

Kambini, 9 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikairudia nimekaa, kwa sababu nilidhani mvuke wa sufuria umenitia ukungu machoni. Mwalimu alinieleza vizuri kabisa: sindano zote mbili hutolewa siku moja, na watu walewale, kwenye meza ileile. Moja bega hili, nyingine bega lile. Sasa nieleze, wewe mtu mzima mwenye duka: mvua hiyo ilinyesha kwenye bega moja tu?

Tangu utoto hujui kudanganya. Ulikuwa ukiiba sukari, unakuja kuniambia hujaiba huku midomo inang'aa. Usinivungie. Umefanya nini?

Dada yako

*

Dukani, 29 Aprili

Dada,

Shikamoo.

Sawa. Mvua haikuwepo.

Nilikwenda shuleni siku moja kabla, nikamwambia mwalimu: ya pepopunda ndiyo, ile nyingine hapana. Akaniuliza kwa nini, nikamwambia mama yake akija ataamua. Akanitazama sana. Nikaondoka.

Usinirukie kwanza, nisikilize. Mzee Redio anasema ile sindano inawaharibu wasichana wasizae. Anasema ana jamaa yake anayefahamiana na mtu aliyeona. Jirani naye anasema ukimchanja msichana chanjo ya mambo yale, umempa ruhusa ya mambo yale, na binti yake hachanjwi ng'o. Mimi sijui. Ningemuuliza nani? Nilimfungulia mwalimu mdomo nimuulize, ikabidi niseme neno "kizazi" mbele ya mwalimu wa kike aliyeshika chaki, nikaishia kumuuliza saa ya mapumziko.

Dada, mimi ni mwanamume niliyeachiwa mtoto wa kike. Nikikosea kupika, tunakula mkate. Nikiunguza sare yake kwa pasi, nanunua nyingine. Hili nikikosea, narudisha nini? Niliona afadhali nisifanye kitu. Nilidhani kutofanya si kukosea.

Chiriku alirudi siku ile amenuna. Darasa zima lilikuwa linashika mabega yote mawili, usiniguse, usiniguse, wakijivunia kama askari waliotoka vitani. Yeye bega moja. Wakamuuliza kwani wewe una nini. Jioni akaniuliza, "Mjomba, kuna kitu kibaya kwangu?" Nikamwambia hapana. Akaniuliza, "Sasa kwa nini?" Nikasema nenda kasome. Tangu hapo ananijibu ndiyo, hapana, shikamoo, basi. Nyumba imekuwa kimya hadi nasikia friji ikinguruma. Hata wateja wanauliza.

Halafu na wewe niambie. Mpaka leo hujawahi kunisumbua hivi, hata lile jambo la baba yake Chiriku alipohamia kwa mwanamke mwingine hukuliandikia barua nyingi namna hii. Kwa nini hili unalishupalia?

Mdogo wako

*

Kambini, 11 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimesoma yote. Nimekasirika, nimechoka, na nimekasirika tena, kwa hiyo nitaandika polepole.

Mzee Redio hana unywele hata mmoja kichwani. Anakuja kwa kinyozi kufanya nini kama si kutangaza? Na huyo mtu aliyeona, ana jina? Amekaa wapi? Huku kambini tuna muuguzi. Nilimuuliza swali hilohilo, kwa sababu hata mimi nilikuwa nimelisikia. Alinijibu bila kucheka: chanjo hiyo haigusi uwezo wa kuzaa. Kinachoharibu kizazi ni ugonjwa wenyewe. Unaanza na kirusi kinachopitishwa watu wanapokutana kimwili. Kwa wengi mwili hukiondoa wenyewe, wala hawajui. Kwa wengine kinakaa kimya miaka mingi, halafu mwanamke yuko katikati ya maisha yake, anashangaa anaambiwa ana saratani. Ndiyo maana wanachanja mapema, kabla mtoto hajakutana nacho. Akishakipata, chanjo haikiondoi.

Na hiyo ruhusa ya jirani, mwambie hivi: Chiriku tulimchanja surua akiwa anatambaa. Je, tulimtuma akaitafute surua?

Unauliza kwa nini nashupaa. Kwa sababu ni mwanangu. Jibu hilo halitoshi?

Kuhusu kuogopa, nimekuelewa kuliko unavyodhani. Lakini siku ya kuchanjwa ilipita wewe ukiwa umekaa, na hilo nalo umelifanya wewe. Kwa hiyo inuka ukafanye jingine. Nenda kituo cha afya ukaulize.

Wiki zijazo nitakuwa na shughuli kidogo. Ukiona kimya usihangaike.

Dada yako

*

Dukani, 10 Juni

Dada,

Habari? Hiyo si salamu, nauliza kweli.

Nimeandika mara mbili bila jibu. Leo dereva wa lori amekuja kunyolewa. Nikamuuliza, "Dada yangu kazidiwa na sufuria nini, hata mstari mmoja?" Akanitazama kwenye kioo. Nikazima mashine. Akasema, "Kwani hujui? Jikoni yuko mpishi mwingine. Yule mama alipelekwa hospitali kubwa tangu mwezi uliopita."

Nilimwacha amenyolewa upande mmoja. Nikatoka nje, nikasimama barabarani na taulo mkononi, watu wakinipita, sijui niende wapi. Dereva akanifuata na kitambaa shingoni, akasema hajui unaumwa nini, ila barua yoyote nikimpa ataifikisha mwenyewe.

Shughuli kidogo! Ndiyo shughuli hiyo? Umekuwa ukinigombeza kuanzia Februari kwamba nazunguka, nazunguka, kumbe na wewe unazunguka kunizidi. Hospitalini simu zinashika, dada. Mbona hukupiga?

Unaumwa nini? Usiniandikie habari za maharage. Niambie.

Mdogo wako

*

Hospitali, wodi ya wanawake, 24 Juni

Mdogo wangu,

Natumaini hamjambo. Dereva ameileta barua yako hadi mlangoni mwa wodi, ameshika kofia kama mtu aliyekuja kuposa. Wagonjwa wenzangu wamenitania wiki nzima.

Nina saratani ya mlango wa kizazi. Au niseme nilikuwa nayo, bado najifunza namna ya kulisema. Mwezi wa Januari walikuja wahudumu kambini kuwapima wanawake wote, jikoni, ofisini na kufulia. Nilikwenda kwa sababu wenzangu walikwenda, na kwa sababu ilikuwa nafasi ya kuketi. Sikuwa na maumivu yoyote. Wakaniita tena peke yangu. Nilipokuandikia ile barua ya kwanza, majibu nilikuwa nimeyapata wiki hiyohiyo.

Foleni ya upasuaji ilikuwa ndefu. Mwezi wa tano wakatoa kizazi chote. Kilinizalia Chiriku, kimefanya kazi yake, nimekiaga. Kidonda kikaota usaha, ndiyo maana bado nimelala hapa. Daktari anasema waliuwahi ugonjwa, haujasambaa, ila nitapimwa mara kwa mara. Mama wa kitanda cha pili hakuwahiwa. Jana wamemfunika. Alikuwa ananifundisha kufuma, na kila kitu chake bado kiko pale mezani, hata sindano zimechomekwa kwenye uzi.

Sikupiga simu kwa sababu ungeisikia sauti yangu. Kwenye karatasi naweza kukugombeza nikiwa nimelala chali. Na sikukwambia kwa sababu nilijua ungefunga duka ukaja kusimama hapa ukilia, na Chiriku angebaki na nani?

Mimi wakati nikiwa shuleni chanjo hii haikuwepo. Hakuna wa kumlaumu. Lakini kwake ipo. Imemfuata hadi darasani kwake, ikapanda ngazi, ikakaa mezani, na mjomba wake akaikataa kwa sababu ya aibu ya neno moja. Haya, mimi nimelisema mbele ya madaktari wanaume wanne na mwanafunzi wao anayepiga chafya. Kizazi. Halijaua mtu. Ugonjwa ndio unaoua.

Sitaki majonzi yako. Nataka bega la pili.

Chiriku mwambie, lakini mwambie vizuri, mchana, akiwa ameshiba.

Dada yako

*

Dukani, 13 Julai

Dada yangu,

Shikamoo. Pole. Pole sana. Nimeandika pole kurasa mbili nikazichana, kwa hiyo chukua hizi mbili.

Nilimwambia Chiriku Jumapili baada ya chakula. Nilianza kwa mbali, nikapita kwenye hali ya hewa, na afya kwa ujumla. Akaweka kijiko chini. "Mjomba, mama anaumwa, si ndiyo? Sema tu." Nikasema. Nikasema yote, na lile neno pia. Alilia, mimi nikalia, tukamaliza taulo za duka. Halafu akauliza, "Hiyo ndiyo sindano uliyoikataa?" Nikasema ndiyo. Sijawahi kutazamwa vile. Hakunitukana hata kidogo. Ningependa anitukane.

Jumatatu nikafunga duka tukaenda kituo cha afya. Benchi limejaa akina mama, mwanamume ni mimi peke yangu. Zamu yetu ilipofika, mhudumu wa dirishani akauliza kwa sauti ya sokoni, "Huyu chanjo gani?" Nikasema ile ya wasichana. "Ipi? Sema, baba, nyuma kuna watu!" Nikavuta pumzi nikasema, "Ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi!" Dada, nilipaza sauti hadi mtoto wa mtu akaamka. Chiriku akainamisha uso kwenye begi lake, mabega yanatikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Kicheko cha kwanza tangu mwezi wa tatu.

Basi yule mhudumu akasema, "Dawa imekwisha, rudini wiki ijayo."

Tukarudi wiki iliyofuata. Safari hiyo dawa ipo, mchanjaji yuko semina. Nilitaka kupasua lile dirisha. Tukarudi tena Ijumaa. Mchanjaji ni mama mmoja mnene, mpole. Nikamuuliza maswali yote ya Mzee Redio, moja baada ya jingine, Chiriku akinivuta shati. Akayajibu yote kama ulivyoyajibu wewe, ila yeye hakunigombeza. Akaniuliza mbona hakuchanjiwa shuleni ilipokuwa rahisi. Nikamwambia nilikuwa mjinga. Akasema wapo wengi, afadhali wewe umekuja.

Amechanjwa. Bega la kushoto. Hakulia, alifumba macho tu na kunifinya mkono hadi leo nina alama. Tukakaa kwenye benchi kidogo kama walivyotuambia, ili waone kama atapata kizunguzungu. Njia nzima alikuwa anaongea. Sikuelewa hata nusu, habari za mpira wa pete na nani hamsemeshi nani. Nilimwacha aongee.

Dukani Mzee Redio alianza tena matangazo yake. Nikamzungusha kwenye kiti, nikamwambia mbele ya wateja kwamba dada yangu amelazwa kwa ugonjwa huohuo, na kama ana jina la huyo mtu aliyeona, alitaje sasa hivi. Akatafuta jina. Hakulipata. Tangu hapo anakuja, anasoma gazeti kimya. Namwonea huruma kidogo, lakini kidogo tu.

Jirani ndiye aliyenishinda. Nimemweleza, akaniambia kila mtu na mwanawe. Binti yake na Chiriku wanakaa dawati moja. Nimekwenda mara ya pili, akanifungia mlango na shati langu la mtumba akalidai.

Dada, naweza kuja? Nitalia, sikatai.

Mdogo wako

*

Hospitali, 27 Julai

Mdogo wangu,

Hujambo? Chiriku hajambo? Mimi leo nimetembea hadi dirishani na kurudi bila kushikwa.

Barua yako nilisomewa na muuguzi kwa sababu miwani ilikuwa mbali. Alipofika pale Chiriku alipochanjwa nilimwambia asimame. Akadhani kidonda kinaniuma, akataka kumwita daktari. Nikamwambia hakuna kinachouma, soma tena hapo. Akasoma tena. Nikamwambia soma tena. Mwishowe akaniachia barua, akasema ana wagonjwa wengine.

Bado nimekukasirikia. Naliandika ili usije ukadhani limekwisha. Ingekuwa ni kazi ya asubuhi moja, shuleni, bila dirisha wala semina. Lakini umeifanya, na umemwambia mtoto ukweli, na hilo la pili mimi mwenyewe lilinishinda.

Usije. Wananiruhusu wiki hii, na kambini wamenipa likizo ndefu. Jumamosi mchana nitakuwa nimefika. Nitafutie kiti cha mgongo wima, chenye mto. Ndoo nzito za maji nisikabidhiwe, na vyakula vyako vilivyoungua nisipewe.

Shati mrudishie jirani, limefuliwa na kupigwa pasi. Usigombane naye. Mwambie dada yako amerudi, anamsalimu, na anamwomba aje Jumapili pamoja na binti yake. Akikataa, nitakwenda kwake mimi. Kusimama sana bado siwezi, lakini kusema naweza.

Dada yako